Kutua na ndege ndogo kwenye theluji: mwongozo kwa rubani aliyezoea murramu

Rubani aliyefunzwa Soroti au Kajjansi, hapa Uganda, anaweza kuruka miaka kumi bila kuona theluji yoyote isipokuwa ile ya Rwenzori, tena kwa mbali, asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Na ile si ya kuitamani. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 16,760 hivi, ilhali kitabu cha Cessna 172S, ndege ndogo ya mafunzo, kinaweka mwisho wa kupaa kwake kwenye futi 14,000. Maelezo haya ni ya yule anayekwenda Kanada, Alaska, Norwe au Uswisi kufanya kazi au kuongeza saa, naye huko atakabidhiwa ndege ndogo katikati ya majira ya baridi.

Huyo haanzi na mikono mitupu. Theluji humnyang'anya rubani vitu viwili: mshiko wa tairi na kipimo cha macho. Cha kwanza umekwisha kukosa siku uliyotua kwenye murramu iliyolowa, ule utelezi mwekundu unaokuja mvua ikiwa imenyesha nusu saa tu na chini bado ni pagumu. Cha pili umekionja ukija Entebbe kwa njia ya kurukia namba 35, ziwa limelala kama kioo na ukungu umefuta mstari kati ya maji na anga. Huku kwetu vinakujia kimoja kimoja. Kule vinakuja pamoja, na baridi inaongeza yake.

Kwanza, ni theluji gani?

Ukiambiwa "kuna theluji" ni kama kuambiwa "kuna udongo". Bado hujaambiwa kitu.

Theluji kavu ya unga haishikani mkononi na ukiipuliza inaruka. Ikiwa imeanguka punde, mita moja ya ujazo huwa na kilo 50 hadi 100 tu, kwa hiyo gurudumu hupita ndani yake bila kuhangaika sana mradi kina ni kidogo. Theluji ya majimaji huanguka joto likiwa karibu na sifuri. Unaweza kuifinyanga kama unga wa ugali, ni nzito mara kadhaa kuliko ile ya unga, na huivuta ndege kama tope la shamba. Uji wa theluji ni ile iliyokwisha kuyeyuka nusu: ukikanyaga unarukia pembeni. Kwa ndege ya magurudumu huo ndio tunaouogopa zaidi baada ya barafu, kwa sababu unafanya mabaya mawili yanayopingana: unaikaba ndege wakati wa kuondoka, na unainyima breki wakati wa kutua. Halafu kuna theluji iliyoshindiliwa, ngumu kama barabara, na mwisho kuna barafu yenyewe.

Mgeni kutoka nchi ya joto hudhani kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo utelezi unavyozidi. Ni kinyume chake. Theluji iliyoshindiliwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hushika tairi vizuri kuliko ileile ikiwa kwenye nyuzi 1 chini, maana karibu na sifuri uzito wa gurudumu na msuguano wake hutengeneza utando wa maji juu. Siku ya kuwa macho zaidi ni ile wenyeji wanayofurahia kwamba "leo kuna joto", hasa jua likipiga mchana na baridi ikirudi jioni. Kilichokuwa uji saa nane huwa barafu yenye mabonde ya tairi saa kumi na mbili.

Kusoma ripoti ya njia

Tangu tarehe 4 Novemba 2021 viwanja vya kimataifa hutumia mfumo mmoja wa kuripoti hali ya njia ya kurukia, uliowekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Uganda imo pia, ingawa sisi tunaishia kwenye maji tu. Njia hugawanywa sehemu tatu, na kila sehemu hupewa namba kutoka 6 hadi 0.

6 ni kavu. 5 ni unyevu, au theluji au uji usiozidi milimita 3. 4 ni theluji iliyoshindiliwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi. 3 ni theluji kavu au ya majimaji inayozidi milimita 3, au iliyoshindiliwa kwenye joto la juu ya hapo. 2 ni maji yaliyosimama au uji wa theluji unaozidi milimita 3. 1 ni barafu. 0 ni barafu yenye maji juu, maji juu ya theluji iliyoshindiliwa, au theluji juu ya barafu. Kwenye 0 hakuna mjadala: nenda kwingine.

Ukisoma 5/3/2 kwenye ripoti iliyoandikwa, kumbuka kwamba theluthi ya kwanza inahesabiwa kutoka mwisho wenye namba ndogo ya njia, si lazima upande unaotokea wewe. Ukitua kutoka upande wa pili, hiyo 2 ndiyo utakayoigusa mwanzo. Wengi wamelikosa jambo hili dogo. Mwongozaji wa ndege hukusomea kwa mwelekeo wa kutua, lakini karatasi haikujui. Angalia pia saa: ripoti ya theluji haidumu zaidi ya saa nane, na theluji ikiwa inaanguka sasa hivi, ripoti ya saa moja iliyopita ni historia.

Viwanja vidogo havina ripoti ya namna hiyo. Huko unapiga simu. Usiulize "hali ikoje?", kwa maana jibu litakuwa "nzuri". Uliza: kina ni sentimita ngapi? Imepigwa greda lini? Nani ametua leo, na kwa ndege gani? Kingo zimerundikwa theluji hadi kimo gani? Swali la mwisho ni la mabawa. Greda husukuma theluji pembeni ikawa ukuta, na ndege yenye mabawa ya chini inaweza kugonga ukuta huo hata ikiwa katikati ya njia.

Hesabu kabla ya kuondoka

Tuseme kitabu cha ndege yako kinasema kutua kutoka futi 50 kunahitaji mita 400 kwenye lami kavu, kwa uzito, joto na kimo cha siku hiyo. Mamlaka ya anga ya Uingereza hutoa vizidisho vinavyotumiwa sana na marubani wa ndege ndogo: udongo laini au theluji, zidisha kwa 1.25 au zaidi. Nyasi zilizolowa, 1.35, nyasi fupi sana zilizolowa, hadi 1.6; mteremko wa asilimia 2, 1.1, upepo wa nyuma wenye asilimia 10 ya mwendo wa kutua, 1.2. Vizidisho huzidishwa vyenyewe kwa vyenyewe, havijumlishwi. Mwishoni unaweka cha usalama, 1.43.

Kwa hiyo 400 × 1.25 × 1.43 ni mita 715. Ongeza upepo mdogo wa nyuma na umefika 858. Angalia hayo maneno "au zaidi". Kwenye theluji ya kina, 1.25 ni kubwa kupita kiasi kwa sababu theluji yenyewe inakuzuia. Kwenye theluji iliyoshindiliwa iliyong'arishwa na magurudumu ya magari, ni ndogo mno. Kwa barafu tupu hatuna namba ya kukupa ambayo tungeisimamia.

Kuna hesabu nyingine ya dakika moja. Tairi huanza kuelea juu ya maji au uji kwenye mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) unaokaribia mara 9 ya kipeuo cha pili cha upepo wake, upepo ukipimwa kwa psi (paundi kwa inchi ya mraba). Tairi kubwa za 172S hujazwa psi 42, kwa hiyo 9 × 6.5, kama noti 58. Sasa jaza tairi hizo ndani ya banda lenye nyuzi 20, kisha toa ndege nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Hewa inasinyaa, psi 42 inakuwa kama 33, na kuelea kunaanza kwenye noti 52 hivi. Umepoteza noti sita bila kugusa chochote. Pima upepo wa tairi nje, ndege ikiwa imekwisha kupoa.

Baridi na vyombo

Hapa kuna zawadi na kuna mtego. Zawadi: Kajjansi mchana wa nyuzi 28, hewa ni nyepesi kama ya futi 6,100. Ukikaribia kwa noti 60 kwenye kipimo, mwendo wako halisi ni karibu noti 66. Kiwanja kilicho usawa wa bahari kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kina hewa nzito kana kwamba uko futi 4,800 chini ya bahari. Noti 60 zilezile ni 56 halisi. Ardhi itaonekana kutembea polepole. Rubani wa kwetu hujihisi anakaribia kuporomoka, anaongeza mwendo "kidogo tu", na noti tano za ziada kwenye njia inayoteleza ndizo zinazomtoa nje upande wa pili. Amini kipimo.

Mtego: altimita, chombo cha kupimia kimo, hudanganya. Hewa baridi imejibana, kwa hiyo uko chini kuliko chombo kinavyosema, takriban asilimia 4 ya kimo chako juu ya kiwanja kwa kila nyuzi 10 zinazopungua chini ya joto la kawaida. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ukisoma futi 1,000 juu ya kiwanja, umepungukiwa na kama futi 190. Kwenye futi 500, kama 100.

Ukishuka, usifunge gesi kabisa kwa muda mrefu. Injini hupoa ghafla, na ukiihitaji ili upae tena inaweza kukohoa. Shuka na gesi kidogo, na hewa moto ya kabureta itumie kama kitabu kinavyoelekeza.

Kutua kwa magurudumu

Vua vifuniko vya magurudumu kabla ya majira kuanza. Kwetu ndege nyingi za mbugani zimekwisha kuvuliwa kwa sababu ya matope. Sababu ya kule ni ya namna hiyohiyo, ila mwisho wake ni mbaya zaidi. Uji hujaa ndani ya kifuniko, joto la breki linauyeyusha, unapaa nao, unaganda angani, nawe unatua na gurudumu lililofungwa kama jiwe.

Kuna namna mbili za kutua na hazichanganywi.

Njia ikiwa ngumu lakini inateleza, yaani imeshindiliwa au ina utando wa maji, tua pale ulipokusudia kwa mwendo wa kitabu. Usiiache ndege ielee ukitafuta mguso laini wa kusifiwa. Kila sekunde angani ni mita karibu 28 za njia zilizokwenda bure. Magurudumu makubwa yaguse kwa uhakika, pua ishushwe bila kuidondosha, kisha vuta usukani nyuma taratibu ili mkia na mabawa yafanye kazi ya breki. Miguu hai kwenye pedali. Breki usiziguse mpaka ndege imenyooka na imetulia, halafu zijaribu kidogo, ziachie, zijaribu tena. Ukihisi upande mmoja umefunga, achia zote mbili.

Hatari ambayo wageni hawaitarajii ni kipande cha lami tupu katikati ya barafu. Ndege ikiwa imekaa mshazari kidogo, inateleza bila tatizo. Ikifika penye lami, tairi zinashika ghafla na inazunguka au inalalia bawa. Kwa hiyo usivumilie kuteleza mshazari kwa sababu tu "inaenda".

Njia ikiwa na theluji laini, fanya kama kwenye murramu iliyolegea: gesi kidogo hadi mguso, pua juu, usukani nyuma kabisa na ubaki huko, breki usizikumbuke. Gurudumu la pua la 172 ni dogo, na likizama wakati bado una mwendo ndege inasimama kwa pua. Ukishapunguza mwendo usisimame. Endelea na gesi hadi penye kuegesha, kwa maana ukisimama utahitaji koleo. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zipandishe ukiwa umepoa mwendo, ili uji unaorushwa na tairi usizipige. Ndege ikiwa na magurudumu ya kukunja, subiri hadi utoke njiani: mkono wenye haraka umewahi kukamata kishikio cha magurudumu badala ya cha flapu.

Upepo wa ubavuni unahitaji heshima mpya. Noti 15 zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha 172 zilipimwa kwenye njia kavu. Kwenye njia ya namba 3 sisi tungezikata nusu, na kwenye 1 tungetafuta kiwanja kingine chenye njia iliyoelekea upepo. Usukani wa mkia hufanya kazi kukiwa na mwendo. Mwendo ukiisha, kwenye lami gurudumu la pua lingechukua zamu, lakini kwenye barafu hakuna wa kupokea zamu hiyo.

Macho yanapokataa kazi

Mawingu yametanda, theluji imefunika kila kitu, na hakuna kivuli hata kimoja. Katika mwanga huo bonde, kilima na tambarare vina rangi moja. Unaweza kuwa futi 5 juu ya ardhi au futi 50, na macho yakakupa jibu lilelile. Sehemu nyeupe isiyo na alama pia humfanya rubani ajione yuko juu kuliko alivyo, naye anashuka zaidi. Theluji inayopeperushwa chini kukatiza njia humfanya adhani ndege inasogea pembeni, naye anarekebisha kosa lisilokuwepo.

Dawa ya kwanza ni kitu chenye rangi. Njia yenye taa, koni, matawi ya misonobari yaliyochomekwa kingoni, au mstari wa miti: tua karibu navyo, uvitazame kwa pembe ya jicho. Wazoefu wa maeneo yasiyo na kiwanja hubeba mifuko myeusi ya plastiki yenye kitu kizito ndani na kuidondosha mstari mmoja katika pito la chini. Miwani ya njano husaidia kuibua mikunjo midogo. Na saa ya kutua huchaguliwa: jua la asubuhi au la jioni huchora kila tuta, mchana wa mawingu hufuta yote.

Kama alama hakuna kabisa na lazima utue, tumia utaratibu wa marubani wa ndege za majini kwenye maji ya kioo. Ukiwa bado na kitu cha kukadiria kimo, weka ndege katika mkao wa kugusia, pua juu kidogo, mwendo wa kitabu, na gesi ya kukushusha futi 150 kwa dakika au pungufu. Kisha usifanye chochote. Usitafute ardhi, usivute usukani kwa kubahatisha. Itakuja yenyewe. Ukigusa, ndipo unatoa gesi. Njia hii inakula urefu mwingi, kilomita moja na zaidi huisha kwa urahisi, kwa hiyo haifai kwenye uwanja mfupi.

Unaweza kuifanyia mazoezi hapahapa ukiwa na mwalimu, juu ya lami ndefu ya Entebbe au Soroti. Shika futi 150 kwa dakika tangu futi 100 bila kunyanyua pua mwishoni. Utashangaa mkono unavyotaka kuvuta.

Ukiwa na skii

Skii, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni mwa ndege, huibeba juu ya theluji ambayo tairi lingezama. Ziko za moja kwa moja, zisizo na gurudumu. Ziko ambazo tairi hutokeza kidogo chini ya skii. Na ziko za haidroliki ambazo rubani huzipandisha na kuzishusha ili atue kwenye lami au theluji. Kwa hizi za mwisho, kosa kubwa ni kutua na mkao usio sahihi, au skii moja chini na nyingine juu. Tazama zote mbili kwa macho kabla ya fainali, yaani hatua ya mwisho ya kuikabili njia. Taa ya kwenye dashibodi peke yake haitoshi.

Katika ukaguzi wa chini, muda wako mwingi uishie kwenye waya na mipira ya kuvutia. Waya za mbele na nyuma huzuia skii kupinduka, na mpira hushikilia ncha iwe juu. Mpira ukichoka kwa baridi au waya ukikatika, upepo unaisukuma ncha chini angani, na ndege inavuta upande kwa nguvu ambayo huenda huwezi kuimudu. Sehemu ya chini ya skii huwa na plastiki ngumu ya kuzuia theluji isigande. Pitisha mkono, tafuta mipasuko.

Skii hazina breki. Kuzunguka kunahitaji nafasi kubwa, pedali na mipigo ya gesi, na upepo wa nyuma unaweza kukusukuma pasipo mwisho.

Penye theluji usiyoijua, utaratibu ni huu:

1. Pita kwa futi 500. Tafuta upepo, waya za umeme, njia ya kutokea, na matuta yaliyochongwa na upepo. Matuta hayo yakigandishwa huwa magumu kama saruji. Utatua sambamba nayo, hata kama upepo utakuwa wa ubavuni kidogo.

2. Pita chini, pembeni mwa mahali utakapotua. Ni pito lilelile unalofanya kwenye mbuga ya Kidepo kuwafukuza ngiri na swala, ila hapa unawinda mashina, mawe na rangi ya kijivu.

3. Gusa na uburute. Ndege ibebwe na mabawa, gesi ipo, skii zikichora mistari miwili kwa urefu wote unaohitaji. Usipunguze mwendo. Ondoka.

4. Zunguka utazame mistari yako. Ikiwa nyeupe, vizuri. Ikigeuka ya kijivu au nyeusi, kuna maji chini ya theluji, juu ya barafu. Usirudi hapo. Ndege itakayosimama kwenye maji hayo itaganda usiku huo ikiwa imeshikwa miguu.

5. Tua ndani ya mistari hiyohiyo, uendelee kwa gesi, uzunguke mduara na kurudi hadi mwanzo wa njia yako ya kuondokea. Kuzunguka kunafanywa sasa, skii zikiwa na joto na mwendo, siyo kesho asubuhi.

Juu ya barafu ya ziwa unaongeza swali la unene. Barafu safi, ya bluu au nyeusi, ina nguvu mara mbili ya ile nyeupe iliyochanganyika na theluji. Kwa gari dogo, kanuni ya kawaida ni sentimita 20 hadi 30 za barafu safi. Kwa ndege ndogo tungetaka tuwe upande wa 30, na nyeupe iwe mara mbili ya hapo. Kaa mbali na midomo ya mito, chemchemi na miamba inayochomoza, maana hapo maji yanatembea na barafu huwa nyembamba. Theluji nyingi juu ya ziwa si dalili njema: ni blanketi, inaizuia barafu isinenepe.

Kuhusu mabarafu ya milimani tunasema machache, kwa kuwa si kazi ya mtu asiye na mwalimu pembeni. Hermann Geiger wa Uswisi alianza kutua juu yake mwaka 1952 kwa Piper Super Cub yenye skii, na msingi haujabadilika: unatua ukipanda mlima, unaondoka ukiteremka. Gesi lazima iwe juu hadi ufike mahali pa kusimama, kisha ndege igeuzwe ikae mkingamo wa mteremko kabla hujaitoa gesi. Ukikaribia mteremko hivyo, kuna hatua ambayo baada yake huwezi tena kupaa na kuzunguka. Hatua hiyo ichaguliwe ukiwa bado mbali.

Baada ya kusimama

Skii zilizosuguana na theluji zina joto. Zikisimama, zinayeyusha utando mwembamba, utando unaganda, na ndege imebandikwa. Kwa hiyo mara tu unaposimama, zipandishe juu ya matawi, magogo membamba au mbao. Ndege ya magurudumu usiifunge breki ya kuegesha ikiwa imepita kwenye uji. Funika mabawa na injini. Kwa injini nyingi za Lycoming, chini ya nyuzi 12 chini ya sifuri lazima injini ipashwe moto kabla ya kuwashwa asubuhi.

Baridi ya alfajiri huacha ukungu ulioganda juu ya bawa, mkwaruzo mwembamba kama karatasi ya msasa. Mtu wa kwetu hufananisha na umande na kudhani upepo utaufuta. Haufutiki. Unavuruga hewa juu ya bawa kiasi cha kuzuia ndege isipae. Panda ngazi, pitisha kiganja kitupu juu ya bawa lote na mkia, na usiwashe mpaka pote pawe laini.

Ukiongeza gesi na ndege isisogee, usizidishe. Propela itaivuta pua chini wakati skii zimeshikwa. Zima injini, subiri propela isimame kabisa, shuka, chimba mbele ya kila skii, kisha sukuma mkia kushoto na kulia mpaka usikie zimebanduka.